Tenga Lililorudi Choma

Ipo Jumapili moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka masikio yananiwaka moto, hata leo na mvi zangu hizi. Watu wakisema kanisani kwamba Mama Eliya ana busara, mimi huinama nikajifanya nafunga viatu. Naijua busara yangu ilikotoka. Ilitoka kwenye tenga la magimbi, na tenga hilo nililibeba mwenyewe kichwani kutoka mjini mpaka kijiji cha Choma, mlima wote ule, tena nikiwa na viatu vya kisigino.

Kaa nikusimulie. Juzi umechaguliwa kuingia Idara ya Familia, na nimeona unavyotembea na daftari jipya kwapani. Nimesikia pia kwamba unataka Jumapili ya Familia mwaka huu iwe na mpangilio, viti viwiliviwili, baba na mama, ipendeze kwenye picha. Sikulaumu. Mimi ndiye niliyewahi kuvipanga hivyo kabla hujazaliwa.

Nilikuwa na miaka ishirini na minane, mwalimu wa shule ya msingi, na ndoa yangu ilikuwa na miezi saba. Miezi saba, mwanangu! Hata masufuria ya zawadi yalikuwa hayajapata masizi. Lakini nilikuwa nimefunga ndoa kanisani, gauni jeupe, keki ya ghorofa tatu, na mwandiko wangu ulikuwa mzuri, basi wakanifanya katibu wa Idara ya Familia. Nikawa nasimama mbele ya watu wenye wajukuu nawafundisha namna ya kuishi na mume. Waungwana wale walinisikiliza na kuitikia amina. Nami nikaamini kweli nawafundisha.

Jumapili ya Familia ndiyo siku ambayo watoto wachanga waliletwa mbele, mchungaji akawaombea na kuwabariki mmoja mmoja. Zamani watu walikwenda tu, kila mtu na mwanawe. Mimi nikaona ile ni vurugu. Nikapanga viti kwa jozi, kila jozi nikaifunga utepe mweupe: baba kulia, mama kushoto, na baba ndiye ambebe mtoto. Nikachora daftari lenye safu tatu, baba, mama, mtoto. Siku ilipofika nikasimama mlangoni na kalamu yangu, nimevimba kama andazi.

Ndipo akaja Asteria.

Asteria alikuwa binti wa Choma, mmoja wa akina mama wanaoshuka mlimani alfajiri na mboga kuuza sokoni. Alisali kwetu kila Jumapili, benchi la nyuma karibu na mlango. Mtoto wake alizaliwa kabla ya siku zake, kidogo kama kifaranga, akalazwa wiki nyingi. Asteria akaweka nadhiri kwamba Mungu akimwachia mtoto yule, atamleta mbele ya kanisa zima ashukuru. Mtoto akapona. Kwa hiyo siku ile alishuka na tenga la shukrani kichwani, ndizi na magimbi, na juu yake stroberi zimefunikwa kwa jani la mgomba. Nyuma yake alikuja kaka yake, Kobelo, amevaa koti la kuazima lenye mikono mifupi, amembeba mtoto kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika bakuli la uji uliojaa.

"Baba wa mtoto yuko wapi?" nikauliza. Hata karibu sikusema.

Asteria akainamisha macho. "Alikwenda Dar, mwalimu. Tangu mimba ilipoonekana hajarudi. Nimekuja na mjomba wake."

"Nimeuliza baba."

Kobelo akasema kwa sauti ya chini, maana alikuwa mtu mpole, "Mwalimu, mtoto huyu akiugua naitwa mimi. Akikosea huko mbele, nitaitwa mimi. Leo anabarikiwa, ndiyo niambiwe mimi si mtu wake?"

Ungekuwa wewe ungemjibu nini? Mimi nilijibu neno ambalo natamani ningelimeza na kalamu yake. Nilisema, "Hayo ni mambo ya ukoo, kayamalizeni huko mlimani. Hapa ni kanisani." Nikawaonyesha benchi la nyuma, wakae watazame wenzao.

Hawakukaa. Asteria alitua tenga lake pale mlangoni, polepole, asiziponde zile stroberi. "Hii si yako, mwalimu," akaniambia. "Ni ya Mungu. Nilimwahidi." Akamchukua mwanawe mikononi mwa kaka yake, wakaondoka. Nami nikaita wanaofuata, nikaendelea kuandika. Jina la yule mtoto sikuuliza.

Sasa sikia kinachofanya kosa lile liwe la aibu zaidi. Mimi mwenyewe ni Mluguru. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ndiye nguzo. Posa haipokelewi bila yeye, ugomvi hauamuliwi bila yeye. Nililijua hilo tangu naning'inia mgongoni kwa mama. Lakini nilikuwa nimesoma, nimekaa mjini, nikaanza kuyaonea haya ya kwetu. Nikadhani familia ya Kikristo ni ile ya kwenye kalenda ya ukutani: baba, mama, mtoto wa kiume, mtoto wa kike, wote wanaonyesha meno. Mtu akiacha asili hana akili, walisema waliosema, na mimi siku ile sikuwa nayo.

Ibada ikaisha. Nikatoka na daftari langu, nikamkuta Bibi Monika amesimama juu ya lile tenga. Bibi Monika alikuwa mjane wa mwinjilisti wetu wa zamani, kikongwe mdogo mwenye mgongo ulionyooka. Alikuwa amelea watoto tisa, na aliowazaa mwenyewe ni wawili tu.

"Shikamoo, Bibi."

Hakuitikia. Mwanangu, mtu mzima asipoitikia shikamoo yako, ujue nyumba inaungua.

"Tenga hili la nani?"

Nikamweleza. Tena nilimweleza kwa kujisifu kidogo, jinsi nilivyosimamia utaratibu. Akanisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, kisha akaniuliza, "Wewe, nani alikusomesha?"

"Mjomba."

"Baba yako alikuwa wapi?"

Nikashusha macho kwenye daftari. Bibi alijua, na mtaa mzima ulijua, kwamba baba yangu alikuwa na mji wake mwingine Kilosa, na mimi katika maisha yangu nilimwona mara mbili.

"Na siku ya harusi yako, mkono uliokuingiza kwenye mlango huu ulikuwa wa nani?"

"Wa mjomba, Bibi."

"Basi siku ile ungesimama hapa na daftari lako, ungejizuia mwenyewe." Akanitazama kwa huzuni, si kwa hasira, na hiyo ndiyo iliyoniumiza. "Kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Umemfukuza anayelea kwa kosa la aliyekimbia. Bebesha kichwa hicho tenga, twende."

"Wapi, Bibi?"

"Choma. Sadaka ya mtu uliyemfukuza hailiwi."

"Bibi, hivi viatu..."

"Viatu sikukununulia mimi."

Basi tukapanda. Njia ya Choma unaijua, ni kupanda tu, hakuna tambarare ya kudanganya miguu. Bibi mbele na kandambili zake, miaka sabini na kitu, hahemi. Mimi nyuma, nimevaa gauni langu la kuendea harusi za wenzangu, magimbi yananikandamiza shingo, jasho linaingia machoni. Kila tuliyekutana naye anashuka alisimama kunishangaa. Tangu milima hii iumbwe, magimbi hushuka, hayapandi. Mama mmoja akacheka mpaka akashika magoti. "Jamani mwalimu, soko limehamia juu?" Nikatamani ardhi ipasuke. Bibi Monika wala hakugeuka.

Njiani alisema machache. Aliniambia jinsi wale saba walivyomfikia: yatima wa dada yake, watoto wa jirani aliyefariki, na mmoja aliachwa tu kibarazani akiwa amefungwa kwenye khanga. "Kila mmoja alipokuja," akasema, "mume wangu aliuliza swali moja tu, amekula?" Tukatembea kidogo. Kisha akaniuliza, "Yule seremala aliyembeba mtoto Yesu kumpeleka hekaluni, wewe ungemwandika kwenye safu ipi?"

Nilikuwa na cheti cha ualimu na cheti cha semina ya ndoa, lakini katika safu zangu zote tatu seremala yule hakuingia.

Tulipofika tulimkuta Asteria amekaa nje anachambua maharage, mtoto amelala kwenye mkeka pembeni yake. Aliponiona na lile tenga, uso wake ukabadilika rangi. Akasimama.

"Umenirudishia, mwalimu? Kumbe hata Mungu amekataa?"

Mwanangu, hapo ndipo nilipolia. Sikuwa nimefikiria kwamba angelielewa hivyo. Nililitua tenga chini, nikapiga magoti kwenye vumbi na gauni langu zuri. Nikamwambia, "Mungu hakukataa, mdogo wangu. Mimi ndiye niliyekataa, na mimi si Mungu. Nimekuja kukuomba uje uitoe nadhiri yako mwenyewe, na kaka yako ambebe mtoto. Nisamehe."

Asteria alimtazama Kobelo, aliyekuwa ameegemea mlango wa nyumba kwa muda wote huo. Naye akasema, bila ubaya wowote, "Koti nimeshalirudisha kwa mwenyewe, mwalimu."

Neno lile lilinichoma kuliko matusi. Kijana yule alikuwa ameazima koti ili amheshimu Mungu wangu, na mimi nilitazama kama jina lake linaingia kwenye safu. Walitukarimu, wakatupa uji na ndizi za kuchoma, maana uungwana ni vitendo, lakini ahadi hawakutoa. Tukashuka mimi na Bibi. Tulipofika mjini ndipo alipoitikia ile shikamoo ya asubuhi. "Marahaba," akasema, akaenda zake.

Jumapili iliyofuata benchi la nyuma lilikuwa tupu. Na iliyofuata. Nilikwenda kwa mchungaji nikamweleza yote bila kujipaka mafuta. Akaniambia tu kwamba nadhiri ya mama yule haina haja ya kusubiri mwaka mwingine, siku yoyote atakayorudi itakuwa siku yake. Swali likawa kama atarudi. Wahenga walisema aliye juu mngoje chini, lakini mimi kila Jumamosi nilikuwa nampandia hukohuko juu, kwa raba sasa, nimsaidie kupalilia. Sikugusia kanisa. Mara ya tatu ndipo Kobelo aliponicheka nilivyokuwa nang'oa karoti nikidhani majani. Nikajua mlango umefunguka kidogo.

Jumapili ya nne wakaja. Nilikuwa nimesimama mlangoni, tepe zote nimeshazifungua na kuzichoma jikoni. Asteria mbele na tenga jipya, Kobelo nyuma na shati lake la kawaida lililonyooshwa pasi, mtoto mikononi. Nikasema, "Karibuni sana." Kisha nikauliza swali ambalo ningeuliza siku ya kwanza kama ningekuwa na akili.

"Mtoto anaitwa nani?"

Asteria akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu nimjue. "Anaitwa Shukuru."

Nikaandika Shukuru. Ubavuni mwake nikaandika kwamba ameletwa na mama yake na mjomba wake, na ukurasa ukapendeza kuliko yote. Kobelo alipopita mbele na yule mtoto, kanisa zima lilisimama bila kuambiwa. Bibi Monika akapiga kigelegele kilichomfanya mchungaji asahau alipokuwa amefika kwenye maombi.

Ungedhani hadithi imeisha hapo. Haijaisha, mwanangu, ndiyo maana nimekuita.

Siku hizi mambo yamebadilika, na wazee wenzangu wanalia kwamba familia zimekufa. Mimi silii. Nakaa kwenye kiti changu pembeni ya kwaya nawatazama mnavyoingia, na nawastaajabia. Yule kijana aliyefiwa na mke, anakuja na mapacha wake wamesukwa nywele na yeye mwenyewe, mistari imepinda lakini imesukwa. Bibi wa pale Kilakala anayelea wajukuu wanne, mama zao wote wako Dar wanatafuta. Baba aliye mgodini, anayepigiwa na mkewe simu ya video ili amwone mwanawe akiombewa, na anaitikia amina kwa sauti kubwa mpaka watu wanageuka. Na yule mume Mwislamu anayemsindikiza mkewe mpaka getini, anampa mtoto, anasubiri kwa muuza kahawa mpaka ibada iishe. Wapo wanaoishi pamoja bila ndoa, nao nawaambia ukweli wakinijia, maana ndoa ni njema na sitaacha kuisifu. Hii yangu imenifaa na nimeipenda. Lakini nawaambia wakiwa wamekaa ndani, wamekunywa maji. Simwambii mtu ukweli akiwa mlangoni. Mkono mmoja haulei mwana, na mikono mingine Mungu huituma bila cheti.

Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Mwaka juzi binti yangu, Rehema, alirudi nyumbani kutoka kazini Dodoma akiwa na tumbo, na aliyempa tumbo hilo hakupokea simu tena. Mimi, Mama Eliya mwenye busara! Nilimpokea, ndiyo. Nilimpikia supu, nikamwogesha mtoto. Lakini Jumapili ya Familia ilipokaribia, nikaanza kusema tumwite mchungaji nyumbani, tuombe sebuleni kimyakimya, mtoto ana mafua. Mtoto hakuwa na mafua. Aibu ndiyo ilikuwa na mafua. Yule mwalimu wa daftari nilidhani nimemzika Choma, kumbe alikuwa amelala tu.

Ni mwanangu Eliya aliyenitoa. Alikuja kutoka Mzumbe anakofanya kazi, akanikuta napanga visingizio, akasema, "Mama, nitambeba mimi. Kwani mimi si mjomba wake?" Akamnyanyua mtoto. Nikamwona Kobelo kabisa pale sebuleni kwangu, ila huyu koti lake lilimtosha.

Tukaenda. Nilitembea nyuma yao. Najua wanavyosema watu, nilikuwa mmoja wao. Mlangoni alikuwa amesimama kiongozi wa idara yenu, na daftari lake na kalamu. Ndiyo, Shukuru. Huyuhuyu Dada Shukuru mnayemwona, muuguzi, mtoto wa Asteria wa Choma, niliyemgeuza mlangoni akiwa na miezi minne. Sikuwahi kumsimulia. Sijui mama yake alimsimulia kiasi gani.

"Shikamoo, mama," akaniambia.

"Marahaba, mwanangu." Nikasimama nikingoja swali. Nilistahili kuulizwa. Angeuliza baba yuko wapi, ningejibu, na ingekuwa haki yangu.

Shukuru akamtazama Rehema. Akamtazama Eliya na kile kifurushi mikononi. Akafunua kwa kidole ncha ya khanga, akaona uso wa mtoto, akacheka. Kisha akauliza:

"Mtoto anaitwa nani?"

Rehema akamjibu, "Monika."

Mwanangu, nililia pale mlangoni kama mtu aliyefiwa, na kumbe nilikuwa nimerudishiwa. Shukuru akanishika bega, akaninong'oneza, "Mama alinifundisha niulize hilo kwanza. Aliniambia yeye aliulizwa na wewe."

Asteria hakumsimulia mwanawe Jumapili ya kwanza. Alimsimulia ya nne. Fikiria moyo wa mwanamke yule.

Basi shika haya, wewe mwenye daftari jipya. Semina fanya, ndoa zifundishe, tena kwa bidii, vijana waione ndoa kuwa kitu cha kutamanika. Picha piga, zipendeze. Lakini viti viache vilivyo, mtu akae na aliyekuja naye. Na mlangoni pasiwe mahali pa kupima watu, pawe mahali pa kuwapokea; yaliyobaki yatazungumzwa ndani. Safu ya kwanza ya daftari lako iwe ya jina la mtoto. Ukiisha kulijua jina lake, hutaweza tena kumrudisha mlimani.

Nenda, Mungu akupe sikio la kusikia na mkono mwepesi wa kupokea. Akujalie nyumba yako ijae vicheko, vya watoto walioletwa na tumbo na vya walioletwa na njia. Na siku utakapokosea, maana utakosea, akuletee Bibi Monika wako, asiitikie shikamoo yako, akubebeshe tenga, na akutembeze mpaka juu.